Nyuki Weusi wa Mama Agape

Mimi ni fundi cherehani, na fundi cherehani akikaa barazani kwake anajua mambo kuliko mjumbe wa mtaa. Cherehani yangu inatazama ua wa jirani yangu Generosa, ambaye hapa Makanyagio tunamwita Mama Agape. Kati yetu kuna uzio wa miti mikavu unaonifika kifuani. Sisemi kwamba nachungulia. Macho hayana pazia, basi.

Generosa ni mwanamke mfupi, mikono mikubwa, maneno machache. Alizaliwa Inyonga, akaolewa bado binti na Bartolomeo, mrina asali. Kwa watu wa asali ukiolewa na mume unaolewa na nyumba tu, maana mume mwenyewe yuko porini. Mvua zikikatika Bartolomeo alikuwa anaingia msituni na wenzake, wanapiga kambi, wanatundika mizinga na kurina. Akirudi na ndoo za asali na mabonge ya nta, anakaa siku chache, anachonga mizinga mingine, anaondoka. Mtoto wao wa pekee, Agape, alizaliwa baba yake akiwa kambini. Alipobatizwa, baba yake alikuwa kambini. Alipoolewa Karema na kijana anayeuza dagaa wa ziwani, Bartolomeo alifika na galoni ya asali begani akakuta watu wanakunja maturubai.

Mimi mume wangu angenifanyia hivyo ningemchoma na pasi. Generosa hakulalamika. Alipanda bustani.

Ua wake si mkubwa, lakini hakuna pahali pamelala bure. Mchicha na matembele viko karibu na bomba, maboga yanatambaa hadi kwenye banda la kuku, matango yamepandishwa kwenye fito. Ila fahari yake ni pasheni, zile za njano, kubwa, chachu kidogo. Mche mmoja uko karibu na choo, mwingine ukutani kwa jiko, wa tatu kwenye kona ya uzio wangu, na yote mitatu imepanda juu ya kichanja kimoja kilichofunika nusu ya ua. Ukikaa chini yake mchana huoni jua. Kutokana na pasheni hizo Generosa anatengeneza juisi, anaipeleka sokoni Majengo kwenye ndoo yenye barafu, na ikifika adhuhuri ndoo inarudi tupu. Mwezi wa Ramadhani nusu ya mtaa tunafuturu kwa juisi ya mke wa Mkatoliki, na hakuna aliyeona ajabu.

Maua ya pasheni za njano hufunguka mchana, jua likiwa utosini. Saa hiyo ndiyo walikuwa wanakuja nyuki weusi. Si nyuki hawa wa asali unaowajua. Hawa ni wakubwa, unene wa kidole gumba, weusi tii wenye mkanda mweupe mgongoni, na wanatoboa mbao kavu kwa meno yao na kuishi ndani. Waliishi kwenye mbao za kibaraza cha Generosa na kwenye nguzo za jiko lake la nje. Ukikaa kibarazani unga wa mbao ulikuwa unakudondokea kichwani. Siku moja ulimwingia katekista kwenye chai, akanywa kwa heshima. Kwa sababu ya mvumo wao mzito, Generosa aliwaita wazee. Wakianza kuvuma mchana alikuwa anasema, "Wazee wameamka," anaendelea kuosha vyombo.

Hivyo ndivyo alivyoishi, yeye, bustani na wazee wake, mpaka mwaka jana kiangazi, Bartolomeo alipoanguka.

Alikuwa juu ya mti anatundika mzinga, kamba ikateleza. Wenzake walimbeba kwa machela ya fito hadi barabarani. Nyonga ilivunjika, ikaunga vibaya, na daktari akamwambia kupanda miti basi. Alirudi nyumbani na fimbo, mguu mmoja mfupi. Baadaye kidogo wenzake wakamletea mizinga yake miwili ya magogo iliyobaki, ile aliyoichonga mwenyewe, wakaiweka nyuma ya nyumba kama watu wanaoleta vitu vya marehemu.

Nilimwonea huruma, lazima niseme. Mtu aliyezoea kulala porini alikuwa anazunguka ua ule mdogo kama jogoo mgeni. Hakujua sufuria zinakaa wapi. Hakujua kwamba mkewe hanywi chai ya maziwa. Alikuwa mpole, na alitaka sana kufaa kitu. Mwanaume anayetaka kufaa kitu, asiyejua nyumba ilikuwa inakwendaje kabla hajaja, ni hatari kuliko mwizi.

Kitu cha kwanza alichoona ni matundu kwenye mbao za kibaraza.

"Mama Agape, hawa wadudu wanakula nyumba," alisema, anagonga boriti kwa fimbo.

"Hao ni wazee. Waache."

"Wazee gani? Hawana asali, hawana nta. Nyumba ya mrina asali inatobolewa na nyuki wasio na asali! Wenzangu wakija watanicheka."

"Wenzako wakija watakuta kibaraza, watakaa," alijibu Generosa, akaendelea kuchambua mboga.

Nilidhani yamekwisha. Ila mwezi uliofuata Generosa alipata msiba Inyonga, akaenda kuzika. Huku nyuma Bartolomeo akamtuma bodaboda amletee dumu la oili chafu kutoka kwa mafundi pikipiki. Aliziba matundu yote kwa udongo wa kichuguu, moja moja, kisha akapaka oili kila mbao ya kibaraza na kila nguzo ya jiko. Kazi ile aliifanya amesimama juu ya kigoda, na nyonga yake ile mbovu. Wale waliokuwa ndani hawakutoka. Wale waliokuwa nje walizunguka zunguka siku kadhaa, wakigusa mbao na kurudi nyuma, kisha wakapotea.

Generosa aliporudi alikuta kibaraza cheusi kinanuka gereji. Alitazama juu, akamtazama mumewe aliyesimama pale na mikono myeusi, anatabasamu kama mtoto aliyefagia bila kuagizwa. Akasema, "Asante, Baba Agape." Sikuipenda asante ile. Ilikuwa nyembamba.

Mvua zikaja. Pasheni zikachipua, zikatoa maua mengi mpaka kichanja kikapendeza. Desemba nzima yalifunguka mchana, yakajikunja jioni, na baada ya siku mbili tatu yakageuka njano na kudondoka. Maua yote. Generosa alikuwa anayafagia asubuhi kwa ufagio wa chelewa, anayaweka kwenye pipa pamoja na maganda. Aliongeza samadi ya kuku, akamwaga majivu kwenye mashina, akapunguza matawi. Hakuna tunda hata moja lililoshika.

Bartolomeo alikaa chini ya kichanja, akatikisa kichwa kama mtaalamu. "Ua likikosa nyuki halishiki," alisema. "Nitakuletea nyuki."

Huwezi kusema alikosea, kwa sababu alichosema ni kweli. Akautoa mzinga mmoja nyuma ya nyumba, akaupaka nta ndani, akautundika kwenye kona ya ua. Haikupita muda kundi likaingia. Mtu yule alifurahi! Tangu aanguke sikuwahi kumsikia akiimba. Matango yalishika vizuri mwaka huo, na maboga pia, haki yake tumpe. Mimi nilipata changu vilevile: nyuki mmoja aliniuma kope, jicho likafumba, nikashona mkono wa kushoto wa gauni la bibi harusi upande wa kulia. Nilimtukana Bartolomeo juu ya uzio mpaka sauti ikakauka. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Pole sana, Mama Kasimu. Nyuki wangu wapole, labda ulivaa manukato." Nyuki wapole! Mbuzi wa mwenye nyumba yangu hakuthubutu tena kupita upande ule.

Pasheni zikatoa maua tena Januari. Mchana nyuki wa asali walijaa kwenye kila ua, wanajipaka unga wa njano miguuni. Bartolomeo alikuwa anamwita mkewe aje aone. "Tazama wanavyofanya kazi!" Na maua yakadondoka kama mwanzo.

Unajua alifanya nini? Akautundika mzinga wa pili. Akili ya mrina asali inamwambia kitu kimoja: kazi ikishindikana, nyuki hawatoshi.

Siku maua ya mwisho ya mzao ule yalipodondoka, Generosa alikuja kwangu, akakaa juu ya mkeka bila kuniambia habari za asubuhi. Alikuwa hajalia, lakini uso wake ulikuwa umevimba.

"Mama Kasimu," aliniambia, "hii bustani nimeishi nayo kuliko nilivyoishi na yeye. Watu wananiuliza juisi, nawaambia ngojeni. Amekaa nayo mvua moja tu, imekufa. Sijui amekuja na nini kutoka huko porini. Mi nikimwona tu anagusa kitu, moyo unanienda mbio."

"Sasa?"

"Pasaka ikipita nakwenda Karema kwa Agape."

"Kutembea?"

"Kukaa. Nimeshamwambia Agape anitafutie pa kupanda mboga. Na yeye Bartolomeo nimemwambia. Mchana kweupe, pale kibarazani kwake penye oili."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Sawa.' Kila kitu sawa." Akachukua kipande cha kitambaa changu sakafuni, akakikunja, akakikunjua. "Angenikataza ningejua la kumjibu."

Nilikasirika na wote wawili. Nilikasirika na yeye kwa kumwachia mume nyumba kama mtu anayeacha chumba cha kupanga, na nilikasirika na Bartolomeo kwa ile sawa yake. Ila zaidi nilihuzunika. Jirani wa miaka mingi ni ndugu, na ndugu wangu mimi wako mbali.

Ramadhani ikaanza, na mwaka huu iliangukia ndani ya Kwaresima yao, basi mtaa mzima tulikuwa na njaa kwa zamu. Pasheni zilikuwa zimeanza kutoa maua mara ya tatu. Generosa hakuyatazama. Lakini niliona kitu kimoja: Bartolomeo alianza kulala chali chini ya kichanja kila mchana, fimbo ubavuni, macho juu, hasogei. Nilidhani amekata tamaa. Nikajisemea, huyu mzee anaaga.

Kumbe alikuwa anavizia. Warina asali wakitafuta nyuki wa porini hawawakimbizi. Wanakaa pale nyuki anapokunywa maji, wanaangalia anaelekea wapi, wanasogea kidogo, wanakaa tena. Mtu anaweza kukaa hivyo hata siku nzima, bila kusema neno. Ndiyo kazi pekee aliyojua vizuri, na sasa aliifanya chini ya maua ya mkewe, kwa sababu hakuwa na lingine la kufanya.

Mchana mmoja nilikuwa nimetoka kutawadha kwa ajili ya sala ya adhuhuri. Nikamkuta Bartolomeo ndani ya ua wangu, amesimama nyuma ya uzio wa bafu langu, shingo ameinyoosha, anatazama nguzo.

Nilikuwa nimefunga, jua kali, na mwanaume yuko bafuni kwangu. "Baba Agape!" nilipiga kelele. "Unatafuta nini bafuni kwa watu? Mtu mzima, mwezi mtukufu!"

Hakugeuka. Aliinua mkono, kama mtu anayemnyamazisha mtoto kanisani. "Ameingia hapa," alisema kwa sauti ya chini.

Nikasogea, bado nimeshika kandambili mkononi tayari kwa lolote. Kwenye nguzo ya bafu, mti mkavu ambao nilipanga kuung'oa niufanye kuni, kulikuwa na tundu la mviringo, safi kama limetobolewa na fundi. Chini yake unga wa mbao. Ndani, mzee mmoja mweusi alikuwa anageuka geuka, mgongo wake wote umejaa unga wa njano.

"Nimemfuata kutoka kwenye pasheni," alisema Bartolomeo. "Amebaki huyu tu. Mama Kasimu, ua la pasheni limekaa vibaya. Sehemu yake yenye unga iko juu, inaangalia chini. Nyuki wangu wadogo wanapita chini, hawafiki. Wanang'ang'ania unga kwa miguu, wanaubeba nyumbani kwao, hawaachi kitu. Huyu akiingia, mgongo unasugua juu. Akienda ua lingine, unasugua tena." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilimwangalia juzi, jana na leo. Maua aliyoingia yeye yameshika matatu. Mengine yote yamedondoka."

"Kwa hiyo wale wa kibarazani..."

"Niliwazibia ndani," alisema. "Niliwazibia mwenyewe, moja moja. Miaka yote hii natafuta nyuki porini, na hawa walikuwa nyumbani kwangu wanamfanyia kazi mke wangu."

Alisema hivyo, na macho yake yakajaa. Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilimwambia, "Usiniambie mimi. Nenda kamwambie mwenye bustani. Na hiyo nguzo siing'oi, toka bafuni kwangu."

Alimwambia wakati wa kula, mchana uleule, chini ya kichanja. Nilikuwa nimerudi kwenye cherehani, lakini cherehani ilikuwa imesimama, na miguu yangu imesimama pia.

"Nilikwambia waache," alisema Generosa.

"Uliniambia."

"Nilikwambia hao ni wazee, waache."

"Uliniambia, Mama Agape. Sikusikia kwa sababu hawakuwa na asali."

Kuku walipita chini ya meza.

"Mi mwenyewe nilijua wanakuja kunywa tu," alisema Generosa mwishoni. "Sikujua kama wanalipa. Ila mi nilikuwa sijui na sikuwaua." Akainuka, akakusanya sahani. "Karema nitakwenda vilevile."

Kuanzia kesho yake Bartolomeo akawa nyuki. Sina neno lingine. Maua yakifunguka mchana anaburuta kigoda chini ya kichanja, anapanda na nyonga yake, anagusa ua moja kwa ncha ya kidole, anapaka lingine. Vidole vyake ni vinene, vimekomaa kwa miiba ya nyuki na shoka, na alikuwa anavipeleka kwenye maua yale taratibu kama anamtoa mtu kibanzi jichoni. Vijana wa bodaboda kijiweni walimwona. "Shikamoo nyuki!" walikuwa wanapiga kelele. "Asali lini, mzee?" Aliwajibu marahaba, akaendelea.

Siku za kwanza alikuta unga wenyewe umekwisha. Maua yalipokuwa yanafunguka tu, nyuki wake wa mizinga miwili walishawahi na kuufagia wote. Alishuka kwenye kigoda, akakaa, akaitazama mizinga ile muda mrefu. Jioni, nyuki walipokwisha kuingia ndani, akaziba milango ya mizinga kwa majani, akaita guta la mizigo, akampelekea rafiki yake Zakayo kule Mwamkulu, mtu waliyekuwa naye kambini. Hakuiuza wala hakumkopesha, alimpa. Aliporudi alipitia kwangu kuniambia sasa naweza kuvaa manukato. Alicheka, lakini aliharakisha kuingia ndani, na kesho yake hakutoka mpaka jua lilipokuwa juu.

Hapo akawa na unga wa kutosha. Alipaka maua mengi sana, na siku tatu baadaye yote yakawa njano na kudondoka. Nilimwona amesimama ameshika ua lililokufa kwenye kiganja. Alikuwa kama mtu aliyepeleka mahari ikarudishwa.

Generosa alikuwa mlangoni kwa jiko, anaosha masufuria. Tangu ile siku ya chakula alikuwa hajamsemesha zaidi ya karibu chakula na funga mlango. Mkoba wake wa safari ulikuwa umeshafungwa, niliuona mwenyewe, mimi ndiye niliyemshonea zipu. Alimtazama mumewe, akatazama sufuria, akasugua, akamtazama tena.

"Unachukua wapi huo unga?" aliuliza.

"Hapa hapa. Ua hili napaka hili."

"Mche uleule?"

"Mche uleule."

"Wazee walikuwa hawakai mahali pamoja," alisema Generosa. "Wakitoka wa choo wanakwenda wa jikoni. Wakitoka wa jikoni wanakwenda kwa Mama Kasimu. Hata siku moja sijaona mzee anamaliza mche mmoja." Akamwaga maji machafu. "Chukua wa choo, peleka wa jikoni."

Bartolomeo akahamisha kigoda. Kwa kuwa alikuwa mzito kupanda na kushuka, kila mara akibeba unga kidoleni, upepo uliuchukua njiani. Generosa alivumilia kumwangalia mara mbili. Mara ya tatu akafuta mikono kwenye kitenge, akachuma ua zima kwenye mche wa choo, akamfikishia juu ya kigoda mkononi. Akachuma lingine. Mpaka nilipoinuka kwenda kusali alasiri walikuwa bado pale, mmoja chini anachuma, mmoja juu anapaka, na hakuna aliyekuwa anazungumza.

Waliendelea hivyo mpaka mfungo wetu ukaisha, na baada ya hapo pia. Siku moja niliwasikia wanabishana kuhusu mche wa kona, mume anasema maua yake yanachelewa, mke anasema hayachelewi, ni yeye mume anayeanzia mbali. Walibishana kwa sauti kubwa kabisa. Nilishona huku nacheka, maana miaka yote sikuwahi kuwasikia wakigombana. Huwezi kugombana na mtu asiyekuwepo.

Bartolomeo akatafuta pia miti mikavu isiyopakwa kitu, akaisimamisha kandokando ya kichanja, ili wazee wakipenda waingie. Mpaka leo hajaingia hata mmoja. Yule wa bafuni kwangu bado yupo, na nimekatazwa kumwaga maji ya sabuni upande ule, katika nyumba ninayolipia kodi mimi.

Pasaka ilipofika kichanja kilikuwa kimejaa pasheni za kijani, nyingine zimefika ukubwa wa yai la kuku. Jumatatu ya Pasaka walinialika chakula. Generosa alipika pilau kwa kuku aliyechinjwa na mwanangu Kasimu, ili nami nile kwa amani. Tulikaa chini ya kichanja, Bartolomeo kwenye kigoda chake, mimi na Generosa kwenye mkeka. Sikuuliza habari za Karema. Kwa mara ya kwanza maishani niliogopa kuuliza kitu. Bartolomeo naye hakuuliza. Alikuwa anakula kidogo kidogo, na kila mkewe akiinuka kwenda ndani, alikuwa anaacha kutafuna mpaka arudi.

Simu ikaita. Generosa hujibu simu kwa sauti ya kuita ng'ombe, na huweka spika ili wote tufaidi. Alikuwa Agape.

"Mama, shikamoo. Basi ni kesho? Mkweo nimemwambia akupokee, chumba kiko tayari, na shamba la mboga nimeshalipata, liko karibu na maji."

Bartolomeo aliweka tonge chini.

"Marahaba, mwanangu," alisema Generosa. "Siji."

"Huji kesho?"

"Siji kukaa. Nitakuja kuwasalimia siku nyingine."

"Mama, jamani! Si ulisema mwenyewe? Kuna nini huko, mnaumwa?"

Generosa alimtazama Bartolomeo, ambaye alikuwa anatazama sahani yake, vidole vyake vinene vimetulia ukingoni.

"Hatuumwi," alisema. "Ni baba yako. Ndo kwanza amefika."